Mgongo unaonekana, maumivu hayaonekani

 Safari hii siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Nataka kuchambua picha, na ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya filamu na magazeti inayoonyesha watu wetu wakibeba madini mgongoni. Ya pili ni ile ya hospitali, nyeusi na nyeupe, inayoonyesha mifupa ya mgongo wa mtu mmoja tu. Naona zote mbili tumezisoma vibaya, na kuna mtu wa kwetu aliyelipa bei ya kusoma vibaya huko.

Nianze na filamu. Blood in the Mobile ilitoka mwaka 2010, na aliyeitengeneza ni Mdenmarki, Frank Piasecki Poulsen. Sisi wengine tuliiona chuoni, watu sita tumebanana mbele ya kompyuta moja, betri ikiwa karibu kuisha. Poulsen anatoka kwao, anafika Walikale, anatembea msituni mpaka Bisie, mgodi wa kasiterite, na anaingia shimoni na kamera yake. Halafu anarudi Ulaya kwenda kuuliza Nokia, kampuni iliyotengeneza simu yake, kama inaweza kumhakikishia kwamba simu ile haina madini ya vita. Anajibiwa kwa adabu nyingi, lakini ndani ya jibu hamna kitu.

Sitaki mtu afikiri naibeza. Ni filamu yenye ujasiri, na ilitoka wakati wake. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Septemba ya mwaka uleule Rais Kabila akafunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Waliokuwa wadogo wakati ule wanakumbuka vizuri nyumba ilivyokuwa bila ile pesa.

Lakini karibuni nimeirudia mara mbili, nikiwa na macho mengine. Migongo iko mule, mingi. Watu wanapanda na kushuka na magunia, jasho linang'aa, kamera inawafuata. Katika mara zote mbili sikusikia mtu akiwauliza: hili gunia ni kilo ngapi? Unalibeba mara ngapi kwa siku? Usiku unalala upande gani? Filamu inauliza nani anakula kodi, na swali hilo ni la maana. Ila mgongo wenyewe umewekwa pale kama mlima au ukungu, kitu cha kutazamwa.

Picha za Rubaya nazo ni vilevile. Fungua simu yako utafute Rubaya: utaona kilima kilichochimbwa mpaka kimebaki kama donda, mamia ya vijana kwenye matope, na mstari wa watu wenye magunia mabegani. Chini ya picha kuna maneno ambayo karibu tunayajua kwa moyo: Rubaya inatoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, na tangu mwisho wa Aprili 2024 iko mikononi mwa M23. Maneno hayo si uongo. Ila ukimwangalia yule mtu wa tatu kwenye mstari, aliyeinama zaidi kuliko wenzake, hutapata hata neno moja juu yake.

Na kuna jambo ambalo picha haiwezi kuonyesha hata ikitaka, nalo ni uzito. Sisi wa kilimo tumezoea gunia la maharagi: likiwa kubwa ni zito, likiwa dogo ni jepesi. Madini hayafuati sheria hiyo. Kasiterite safi ina uzito karibu mara saba ya maji, na koltani iko kati ya mara tano na nane. Kwa hiyo mfuko unaoonekana nusu mtupu unaweza kuwa na kilo za gunia zima la maharagi. Mtazamaji wa Copenhagen au Kinshasa anaona kijana na kifuko. Mwenye kujua anaona kilo hamsini zinazopanda mlima wa utelezi.

Sasa nije kwa picha ya pili.

Yaya wangu alianza kubeba Rubaya akiwa na miaka 17. Ni pesa yake iliyolipa sehemu ya masomo yangu, sitaficha. Alipofika miaka 34, asubuhi moja hakuweza kuvaa viatu. Maumivu yalitoka kiunoni, yakapita kwenye tako, yakashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye vidole. Tukamteremsha Goma kwa pikipiki, safari ambayo mwenye mgongo mzima tu anaiogopa. Wakapiga radio. Aliyeisoma aliinua ile filamu nyeusi kwenye dirisha akasema, "Diski zimekwisha. Usiiname tena, usibebe tena, ulale." Akaandikiwa sindano, vidonge, na mkanda wa kiunoni wa kununua.

Yaya alitii. Alilala karibu miezi saba. Ng'ombe mmoja aliuzwa, halafu na ndama wake. Shamba la viazi lilibaki kwa shemeji yangu, ambaye alikuwa na mtoto mgongoni na jembe mkononi. Nilipokuwa nikimpigia simu aliniambia kila mara jambo moja: "Mudogo, minaogopa kuinama. Kama minainama, itapasuka." Mwanaume aliyebeba mlima mzima kwa vipande alikuwa anaogopa kuokota kijiko.

Ndipo nilipoanza kusoma. Mimi ni mtu wa udongo, si daktari, lakini nilichokikuta kilinishangaza kwa vile kinafanana na udongo.

Katikati ya pingili za mgongo kuna diski 23. Kila diski ina kiini laini katikati kinachoshika maji, kama mboji inavyoshika maji shambani, na pembeni kuna pete za nyuzi ngumu zinazokizunguka, tabaka juu ya tabaka. Kwa kijana, kiini kile ni maji kwa zaidi ya theluthi mbili. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu: chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye mifupa ya juu na ya chini, jinsi hewa na maji vinavyoifikia mizizi kwenye udongo usiogandamizwa. Umri unapoenda, njia zile zinaziba. Seli zinakosa chakula, kiini kinapoteza maji, na pete zinaanza kupata nyufa. Mwenye kuona shamba lililokanyagwa na ng'ombe miaka kumi anaelewa bila kuchorewa.

Lakini ufa peke yake si maumivu, na hapa tusiende haraka. Kinacholeta maumivu mara nyingi ni inflamasio, ule moto wa ndani ambao mwili wenyewe unauwasha. Seli za diski iliyochakaa zinatoa kemikali za kuita msaada, kama TNF na interlukini. Vineva vidogo ambavyo zamani viliishia pembeni vinaingia ndani kupitia nyufa. Na kiini kikivuja, kinagusa mzizi wa neva inayoshuka mguuni. Tangu makala ya Mixter na Barr ya mwaka 1934 huko Marekani, wengi walifikiri shida yote ni kubanwa: kitu kinasukuma neva, kitoe, basi. Mwaka 1993 Olmarker na wenzake huko Sweden waliweka kiini cha diski juu ya mizizi ya neva ya nguruwe bila kuibana hata kidogo, na neva zile bado ziliharibika. Kumbe kugusa tu kunatosha. Ni moto, si uzito peke yake.

Moto huohuo una upande wa pili. Ndio unaoleta seli za kula kile kilichovuja. Ndiyo maana vipande vingi vya diski vilivyotoka nje hupungua vyenyewe, na wagonjwa wengi wenye maumivu ya kushuka mguuni hupata nafuu baada ya wiki au miezi kadhaa bila kisu. Hakuna aliyemwambia yaya hivyo. Aliambiwa "zimekwisha", kama mtu anavyosema mafuta yamekwisha kwenye chupa.

Na ile picha iliyoinuliwa dirishani? Kwanza, radio ya kawaida haioni diski. Inaona mifupa, na nafasi iliyo kati yake. Diski yenyewe unaikisia kwa ile nafasi iliyopungua. Kuiona kweli unahitaji IRM. Pili, na hili ndilo lililonifanya niketi chini, mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti za picha za skana na IRM zilizopigwa kwa watu ambao hawaumwi mgongo hata kidogo. Kati ya wale wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Miaka 30, asilimia 52. Miaka 50, asilimia 80. Miaka 80, asilimia 96. Yaani ukikusanya vijana wa umri wa yaya ambao wanacheza mpira kila Jumapili, zaidi ya nusu yao wangeweza kuambiwa "diski zimekwisha" na kupelekwa kulala.

Kwa hiyo picha ya hospitali ina kosa lilelile la picha ya filamu. Inaonyesha kitu cha kweli, halafu inamfanya mtazamaji aache kuuliza. Kwa mbebaji wa Bisie waliona mgongo wakasahau maumivu. Kwa yaya waliona mfupa wakadhani ndio maumivu yenyewe. Hakuna kamera inayopiga picha maumivu. Kuna njia moja tu ya zamani: kumuuliza mtu, na kukaa mpaka amalize kujibu.

Sasa nijichambue na mimi mwenyewe. Nilipoanza makala hii nilitaka kuandika sentensi moja nzito: koltani imekula diski za yaya wangu. Ingependwa na wengi. Lakini mwaka 1995 kikundi cha Battié na Videman kilitoa matokeo ya jozi 115 za pacha wa kiume, wote wa kufanana kabisa, huko Finland. Walilinganisha pacha aliyefanya kazi ngumu na mwenzake aliyefanya kazi nyepesi. Kazi ya uzito ilieleza sehemu ndogo tu ya kuchakaa kwa diski. Damu ya ukoo na malezi ya pamoja vilieleza sehemu kubwa zaidi. Papa yetu naye alikuwa akiamka ameshika kiuno. Siwezi kuficha hilo eti kwa sababu linaharibu sentensi yangu.

Ila nina swali kwa utafiti ule pia. Tofauti kati ya pacha wawili wa Finland ni ya ukubwa gani? Hata yule wa kazi ngumu, alipanda matope na kilo hamsini kila siku tangu ujana, akilala njaa siku nyingine? Ukipima mbegu kwenye mashamba mawili ambayo yote yanapata mvua, utasema maji hayana kazi kubwa kwenye mavuno. Mwaka 2007 Louw na wenzake wa Afrika Kusini walikusanya tafiti za maumivu ya mgongo Afrika, na nyingi zilitoka Afrika Kusini na Nigeria. Mlima wetu haumo. Kwa hiyo ninachoweza kusema bila kudanganya ni hiki: sijui kama magunia yalichakaza zile diski, lakini najua ni magunia yaliyofanya mgongo wenye moto ushindwe kupumzika hata siku moja, juu siku bila kubeba ilikuwa siku bila kula.

Turudi kwa wale waliotazama filamu na kuamua kufanya kitu. Mwaka 2011 OECD, ule umoja wa nchi tajiri, ulitoa mwongozo wa kununua madini kutoka maeneo ya vita. Unataja makosa ambayo mnunuzi asiyakubali: utesaji, kazi ya kulazimishwa, aina mbaya zaidi za kazi za watoto, ubakaji, uhalifu wa kivita, na kulisha makundi yenye silaha. Mimi naukubali wote, sifuti hata mstari. Halafu zikaja lebo za kufunga kwenye magunia, na Rubaya nayo ilizijua mpaka zoezi hilo liliposimamishwa Masisi mwaka 2024. Sasa fikiria mtu mzima, hakulazimishwa na bunduki, analipwa, anabeba kilo hamsini mara nyingi kwa siku mpaka mguu wake wa kushoto unakufa ganzi. Kwenye orodha ile hana pa kuandikwa. Gunia lake linaweza kufungwa lebo na kuitwa safi.

Mtu atasema, lakini kuna sheria za kazi. Haya, tuzifungue. Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo namba 128 mwaka 1967: mwanaume mtu mzima asibebe kwa kawaida zaidi ya kilo 55. Kwa hesabu hiyo gunia la yaya limepita mtihani! Wakati huohuo taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, tangu 1991 inaanza hesabu yake kwa kilo 23, na hizo ni kwa hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hakuna kujipinda, sakafu kavu. Kila kilichoharibika kinapunguza zile kilo. Weka mlima, weka matope, weka mara thelathini kwa siku, uone zinabaki ngapi.

Wazo kwamba mgongo fulani umeumbwa kwa mzigo halikuanza jana. Lugha yetu wenyewe inalo. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi: tumeifundishwa shuleni kama sifa, na kweli Wanyamwezi walisifika kwenye misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na maziwa makuu. Lakini isome methali ile taratibu. Anayesema si Mnyamwezi. Ni mtu mwenye mzigo anayetafuta pa kuutua. Na mzigo wa kawaida wa misafara ile ulikuwa kilo thelathini hivi. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kijana wa Masisi anabeba karibu mara mbili yake, nasi tunaandika chini ya picha kwamba "anapambana na maisha".

Na sasa zamu yetu sisi wa kilimo, juu nikiwachambua wengine tu nitakuwa nimekula njama. Sisi ndio tunaopenda kusema kilimo ni uti wa mgongo wa nchi. Nimeiandika hiyo kwenye utangulizi wa kazi yangu ya kumaliza lisansi. Pengine na wewe umeiandika. Nilisoma nafasi ya kupanda viazi, sentimita 70 kwa 30. Nilisoma mbolea kwa hekta, dawa kwa lita, mavuno kwa tani. Miaka yote ile sikupata hata saa moja juu ya urefu wa mpini wa jembe. Uti wa mgongo wa nchi tuliuzungumza sana, uti wa mgongo wa mama anayepalilia hatukuugusa.

Ni jambo linalowezekana. California, wakulima walikuwa na jembe la mpini mfupi sana, wafanyakazi Wamexico wakiliita el cortito. Mtu alipalilia amejikunja kutwa nzima. Wenye mashamba walisema bila jembe lile mazao yataharibika. Wafanyakazi walienda mahakamani na mawakili wao, madaktari wakaeleza linachofanya kwenye mgongo, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Saladi za California ziliendelea kuota. Mpini uliongezwa, basi. Hapo jirani Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka gunia lisizidi kilo 50. Sababu kubwa ilikuwa kumlinda mkulima asiibiwe na yale magunia yaliyoshonewa kofia juu, lakini mgongo wa mpakiaji nao umefaidika. Kwetu, gunia la viazi vya Masisi linapakiwa mpaka watu wawili wanamtwisha wa tatu, na sisi mainjinia tumesimama pembeni na daftari tukihesabu magunia.

Yaya anaendeleaje? Nilimpata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wale tunaowaita kine, kijana wa umri wangu. Hakuanza na picha. Aliuliza maswali karibu saa nzima: maumivu yanaanza lini, yanapoa lini, mkojo unatoka vizuri, homa iko, umepungua uzito, kuna mtu nyumbani anakohoa, maziwa mnayachemsha? Yaya alishangaa maziwa yanaingiaje. Baadaye alinielewesha, na hii naomba kila mmoja aishike. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili na kula diski. Bruselozi nayo, ile ya maziwa mabichi, inaweza kukaa mgongoni, na Masisi yetu ni nchi ya ng'ombe. Mtu mwenye maumivu ya mgongo na homa au kukonda asipewe sindano za maumivu tu, apimwe. Na mtu aliyepoteza nguvu za mguu, au asiyeweza kuzuia mkojo, au aliyekufa ganzi sehemu za kukalia, asisubiri hata siku moja.

Yaya hakuwa na hayo. Kwa hiyo aliambiwa kinyume cha yote aliyoambiwa mwanzo: amka, tembea. Siku ya kwanza mpaka kwa jirani, wiki iliyofuata mpaka kisimani. Mkanda uwekwe kando. Baadaye niliona kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasema karibu hivyo: mazoezi na maelezo mazuri kwa mgonjwa vinafaa, dawa za kupunguza inflamasio kama ibuprofeni zinaweza kusaidia, lakini mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya afyuni zisitolewe kwa kawaida. Hata diklofenaki ile tunayochomwa kama maji ina bei yake kwa tumbo na figo. Miezi saba ya kulala ilikuwa imemnyang'anya misuli. Zile diski "zilizokwisha" hazijabadilika kwenye picha, naamini, ila leo anatembea saa moja na nusu bila kusimama. Kubeba Rubaya hakurudi. Siku nyingine mguu unawaka, analala, kesho anaamka.

Likizo iliyopita nilienda nyumbani na ile mizani ya kuning'iniza niliyotumia kupimia viazi wakati wa utafiti wangu. Nilimuuliza swali ambalo filamu haikuuliza, hospitali haikuuliza, na mimi mdogo wake niliyesomeshwa na mgongo ule sikuwahi kuuliza: gunia lako lilikuwa kilo ngapi? Akasema, "Siyui. Hakuna mwenye alipima kwa ajili yetu. Banapima kwa ajili ya madini." Tukachukua mfuko, nikaanza kuujaza mchanga wa mtoni. Yeye hakuubeba, aliuinua kidogo tu na mkono kutoka kwenye kiti, kila mara akisema bado, bado, ongeza. Aliposema "njo hii", nikaupandisha kwenye mizani. Kilo 52. Shemeji yangu alikuja kuusoma ule mshale, akaurudia kuusoma, halafu akarudi jikoni bila kusema neno.

Mizani ile iko kwangu, na kati yetu hapa wengi wana mizani kama ile kwa ajili ya kazi. Ombi langu si kubwa. Ukienda kijijini, mgodini au shambani kwa utafiti wowote, andika namba tatu zaidi kwenye daftari lako: mzigo ni kilo ngapi, unabebwa mara ngapi kwa siku, na mbebaji ana miaka mingapi. Halafu muulize usiku analala upande gani, uandike jibu kama alivyolisema. Tukizikusanya mwaka mmoja tu, tutakuwa na kitu cha kuweka mezani siku watu wa lebo, wa filamu na wa wizara watakapokuja tena kutuambia wanaijua Rubaya.